Mfumo wa simu upimwe na mkulima kabla ya msimu

MKULIMA wa Msangano, Wilaya ya Momba mkoani Songwe, siku hizi hukutana na skrini kabla hajakutana na mfuko wa mbolea. Agosti 8, 2022 Serikali ilizindua ruzuku ya mbolea kwenye maonyesho ya Nane Nane jijini Mbeya. Tangu wakati huo, anayetaka kununua kwa bei ya ruzuku sharti awe ameandikishwa kwenye daftari la kielektroniki na awe na namba yake. Wakala naye lazima awe na simu inayosoma alama iliyobandikwa kwenye mfuko.

Mambo hayo hayapo kwenye mbolea peke yake. Ufuta unapouzwa kwa stakabadhi ghalani na kupitia Soko la Bidhaa Tanzania (TMX), bei huamuliwa kwenye mnada wa kompyuta. Mfanyabiashara mdogo wa Tunduma huomba leseni yake ya biashara kwenye mfumo wa TAUSI, na anayetaka kuvusha mahindi kwenda Nakonde, ng'ambo ya mpaka wa Zambia, huomba kibali kwenye mfumo wa Wizara ya Kilimo uitwao ATMIS. Hata ushuru na ada haviendi bila namba ya malipo ya Serikali.

Kwa hiyo barabara ya kwenda sokoni sasa ina kipande kinachopita ndani ya simu. Barabara ya udongo ikikatika, kila mtu anaona na diwani anasumbuliwa. Kipande cha ndani ya simu kikiwa na shimo, anayetumbukia hudhani kosa ni lake. Husema "mimi sijui mambo ya simu", hukunja karatasi yake na kurudi nyumbani.

Hapo ndipo lilipo suala la kiuchumi ambalo halizungumzwi vya kutosha. Kila mfumo hupimwa na mtumiaji, hakuna namna ya kukwepa. Tofauti ni kwamba mwingine hupimwa mapema, kwenye karatasi, kwa gharama ya aliyeutengeneza. Mwingine hupimwa Novemba, mvua ikiwa imeanza, kwa gharama ya mkulima aliyepanga foleni.

Sura ya mfumo

Wataalamu wa kompyuta huita sehemu hiyo kiolesura, yaani sura ya mfumo ambayo mtu anaiona, anaisoma na kuibonyeza. Nyuma ya sura hiyo kuna mitambo mikubwa, lakini mtumiaji haijui na wala hana haja ya kuijua. Kwake yeye, sura ndiyo mfumo wenyewe.

Kuna taaluma nzima ya kusanifu sura hizo kwa kuanza na mtumiaji. Kanuni yake ni nyepesi: kabla ya kuandika programu, tengeneza mfano wa majaribio unaoweza kushikwa na kubonyezwa, mpe mtu atakayeitumia kazi hiyo, kaa kimya, tazama anakwama wapi. Rekebisha, kisha mpe tena.

Mfano huo hauhitaji kuwa wa kisasa. Mmarekani Jeff Hawkins, kabla kampuni ya Palm haijatoa kompyuta yake ndogo ya mfukoni mwaka 1996, alichonga kipande cha mti chenye ukubwa aliokusudia. Alitembea nacho mfukoni. Akitaka kuandika miadi alikitoa, akajifanya anaandika, akakirudisha. Kipande cha mti hakina betri, lakini kilimwonyesha kama kifaa kinakaa mfukoni na kama kweli kuna haja ya kukitoa mara kwa mara. Fundi seremala yeyote angekitengeneza.

Njia nyingine ilipata jina katika miaka ya 1980, kutokana na kazi ya John Kelley aliyekuwa na kampuni ya IBM. Mtumiaji anakaa mbele ya skrini akidhani anazungumza na kompyuta, kumbe upande wa pili yuko binadamu anayeandika majibu. Kwa njia hiyo huduma hujulikana kama inafaa au haifai kabla ya mtambo wake kujengwa.

Mwaka 1987 kampuni ya Apple ilitoa HyperCard, programu ya kadi zilizounganishwa. Ukibonyeza sehemu ya kadi moja inafunguka nyingine. Mtu asiye mwandishi wa programu aliweza kutengeneza mfano unaocheza. Programu za leo kama Balsamiq na Figma zinafanya kazi ya jinsi hiyo kwa urahisi zaidi, na kwenye Figma watu wawili, mmoja Dar es Salaam na mwingine Mbeya, wanaweza kuchora ukurasa mmoja kwa wakati mmoja.

Anayedhani huo ni mchezo wa vijana wa mjini atazame fedha zake. Septemba 2022 kampuni ya Adobe ilitangaza kuinunua Figma kwa dola bilioni 20 za Marekani. Mpango ulivunjika Desemba 2023 kutokana na vikwazo vya wasimamizi wa ushindani wa Ulaya na Uingereza, na Adobe ikawajibika kulipa dola bilioni moja kwa kuvunja mkataba. Kampuni hazitoi fedha za namna hiyo kwa ajili ya michoro. Zinalipia kuepuka hasara ya kujenga kitu kisichotumika.

Kwa mkulima wa Momba, hata hivyo, chombo chenye maana zaidi ni kile kinachoigiza simu ya kitochi. Huduma nyingi za vijijini ni za nyota na reli, kama *150*00# ya M-Pesa ya Vodacom. Ziko programu za kompyuta zinazoonyesha simu ya kuigiza, ambapo msanifu anaweza kupitisha menyu yake nzima bila kununua namba kwa kampuni ya simu. Ipo pia karatasi. Skrini moja ya nyota na reli hubeba herufi zisizozidi 182, pamoja na nafasi na alama. Kiasi hicho kinaenea kwenye kadi moja ya daftari.

Somo la Thika

Mfano ulio karibu wa faida ya kujaribu mapema ni M-Pesa yenyewe. Wengi wanaijua kama huduma ya kutuma fedha, lakini haikubuniwa hivyo. Vodafone ya Uingereza na Safaricom ya Kenya, zikisaidiwa na fedha za idara ya maendeleo ya kimataifa ya Uingereza (DFID), zilikusudia mteja wa mikopo midogo alipe rejesho lake kwa simu. Jaribio lilianza Oktoba 2005 pamoja na taasisi ya mikopo ya Faulu, jijini Nairobi na mjini Thika, likiwa na wateja wasiofika 500 na maduka manane ya uwakala.

Nick Hughes na Susie Lonie wa Vodafone, walioongoza kazi hiyo, baadaye waliandika walichokiona. Wateja walifanya mambo ambayo hayakuwamo kwenye mpango. Walilipana wao kwa wao katika biashara. Wengine waliweka fedha jioni na kuzitoa asubuhi, kwa kuwa benki hufungwa mapema na duka la wakala bado liko wazi. Waliosafiri kati ya Nairobi na Thika waliweka fedha upande mmoja na kuzichukua upande wa pili ili wasitembee nazo. Marejesho ya mikopo, ambayo ndiyo yaliyokuwa shabaha, yaliwapa Faulu tabu ya kuoanisha taarifa za simu na vitabu vyao.

Huduma ilipofunguliwa kwa wananchi Machi 2007, ilikuwa imevuliwa mzigo wa mikopo na kubaki na neno moja jepesi: tuma pesa nyumbani. Historia iliyobaki inajulikana.

Sehemu ya pili ya hadithi hiyo ni ya Tanzania, na haisimuliwi sana. Vodacom ilianzisha M-Pesa nchini mwaka 2008. Miezi 14 baada ya kuanza, Kenya ilikuwa na watumiaji wapatao milioni 2.7. Tanzania, kwa kipindi hichohicho cha miezi 14, ilikuwa na 280,000 hivi. Jina lilelile na teknolojia ya mzazi mmoja. Zipo sababu nyingi, zikiwamo nguvu ya kampuni sokoni, mtandao wa mawakala na mpangilio wa ada, na haitakuwa haki kuitwisha sura ya menyu lawama yote. Lakini ilidhihirika kwamba kilichopimwa Thika hakijapimwa Dar es Salaam, sembuse Msangano.

Ikumbukwe pia kwamba lile la Thika lilikuwa jaribio la soko, lenye fedha halisi na simu halisi, na lilichukua miezi. Mfano wa karatasi ni kitu cha hatua ya nyuma yake na kila kimoja kina kazi yake. Karatasi itaonyesha kidole kinapotea wapi. Haitaonyesha kwamba muuza duka ataigeuza huduma kuwa sanduku la kulaza fedha usiku. Anayefanya la kwanza na kuliruka la pili atapata menyu nzuri ya huduma isiyotakiwa. Anayeruka la kwanza ataingia sokoni na makosa ambayo yangefutwa kwa ufutio.

Hesabu ya shimo

Chukulia mfano wa kubuni wa kata moja yenye wakulima 1,000 waliojiandikisha. Kila mmoja anarudi mara moja tu bila mbolea kwa sababu namba yake imekataliwa na hakuelewa ujumbe uliotokea. Ikiwa bodaboda ya kwenda na kurudi ni Sh10,000, kata hiyo imepoteza Sh10 milioni kwa kosa moja la skrini. Hiyo ni nauli tu. Siku ya kazi iliyopotea wakati wa kupanda haijahesabiwa, wala mbolea ya kupandia iliyofika mbegu ikiwa imekwisha kuota.

Kumbuka mahali ambapo ruzuku ilishusha mfuko wa kilo 50 wa DAP au Urea hadi karibu Sh70,000. Mkulima anayetumia Sh20,000 ya nauli kwa safari mbili amepandisha bei yake mwenyewe kwa zaidi ya robo. Kwenye takwimu za ruzuku ataonekana amenunua kwa Sh70,000.

Hasara hiyo haionekani kwenye hesabu za aliyetengeneza mfumo, ndiyo maana hana haraka nayo. Wachumi wanalifahamu jambo la aina hii: gharama ikimwangukia asiye mezani, hujirudia. Mzabuni wa mfumo hulipwa akikabidhi mfumo unaowaka. Mkataba wake ukisema atalipwa baada ya mkulima kuutumia bila kushikwa mkono, mambo yatabadilika.

Gharama ya kupima, kwa upande wake, ni ndogo kiasi cha kutia aibu. Mtaalamu Jakob Nielsen aliandika mwaka 2000 kwamba watu watano wakipewa mfumo waujaribu, hufichua sehemu kubwa ya kasoro zake, kwa makadirio yake kama asilimia 85. Wapo waliompinga, na hoja yao ina uzito hapa kwetu: watano hao wawe wa kundi moja. Vijana watano wa Tunduma wenye simu za kupangusa hawawezi kumwakilisha bibi wa Msangano mwenye kitochi, na wote hao hawamwakilishi katibu wa AMCOS. Basi wachukuliwe watano watano. Bado ni watu 15, siku mbili, kadi za daftari na soda.

Kadi zingeonyesha nini?

Yako mambo ambayo mtu aliyekaa ofisini hawezi kuyabuni, na kadi zingeyatoa asubuhi moja.

La kwanza ni namba ya NIDA. Ina tarakimu 20, na kwenye kitambulisho zimekatwa kwa vistari: nane, tano, tano, mbili. Huduma ikisema "ingiza namba ya NIDA", je, vistari viingizwe au viachwe? Kwenye kitochi, kistari chenyewe kinatafutwa. Wakati mkulima anahesabu tarakimu, mtandao unahesabu muda, na huduma za nyota na reli hukatika zenyewe baada ya dakika chache. Akirudia, anaanza mwanzo. Msanifu aliyeliona hilo kwa macho angeomba namba kwa vipande vinne vilevile, au angeomba namba fupi ya mkulima na kuachana na NIDA katika hatua hiyo.

La pili ni vipimo. Mkulima wa Momba huzungumza ekari. Fomu ikiuliza hekta, mwenye ekari tano ataandika tano, na daftari litampa ardhi karibu mara mbili na nusu ya aliyonayo, pamoja na mgawo wa mbolea wa kufuata hiyo hesabu. Anayekagua baadaye atasema ni udanganyifu. Kadi yenye neno moja lililobadilishwa ingemaliza jambo hilo. Kuhusu gunia ni vibaya zaidi, kwa sababu gunia la lumbesa na mfuko wa kilo 100 havina undugu, na mfumo unaouliza "magunia mangapi" bila kusema ya kilo ngapi unakusanya porojo.

La tatu ni lugha. Menyu nyingi hutafsiriwa kutoka Kiingereza na kuletwa na maneno kama "hakiki", "wasilisha", "sitisha". Wanyamwanga wa Msangano wanajua Kiswahili, lakini Kiswahili cha gulio na cha mikutano ya kijiji. "Hakiki" kwa wengi ni jambo la polisi au la mkaguzi. "Angalia kama ni sawa" ni maneno marefu kuliko herufi sita, na hapo msanifu analazimika kuamua zile herufi 182 atazitumiaje. Uamuzi huo hauwezi kufanywa vizuri bila kumsikiliza mtu akisoma kwa sauti.

Lakini lililo zito kuliko yote ni la nne, nalo ni kwamba mtumiaji mara nyingi si mtu mmoja. Vijijini simu ya babu hubonyezwa na mjukuu. Namba ya siri ya mteja huambiwa wakala, jambo ambalo kila tangazo linalikataza na kila duka linalijua. Katibu wa chama huingiza taarifa za wanachama 40 mfululizo, jioni, kwa simu yake. Mfumo uliosanifiwa kwa kudhani kila mkulima yuko peke yake na simu yake unasanifiwa kwa ajili ya mtu asiyekuwapo. Ni heri mfano wa majaribio uwekwe mezani kwa wakala, siku ya gulio, watu wakiwa wanasukumana, kuliko kwenye ukumbi wenye viti vya plastiki na posho ya semina.

Nani afanye

Pendekezo la kuongeza kitengo kipya wizarani lingekuwa rahisi kuandika na gumu kufadhili. Njia iliyo karibu ni vyuo. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya (MUST) kiko mkoa wa jirani, na wanafunzi wa kompyuta hutafuta mahali pa mafunzo ya vitendo kila mwaka. Kikundi cha wanafunzi wanne wenye kadi, kompyuta moja yenye simu ya kuigiza na afisa ugani wa kata kinatosha kupima menyu kabla haijafunguliwa. Kitovu cha ubunifu cha Buni, kilichoanza mwaka 2011 chini ya Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), kinaonyesha kwamba vijana wenye uwezo huo wapo. Kinachokosekana ni sharti. Zabuni ya mfumo unaomhusu mkulima itamke kwamba mfano wake utapimwa katika kata za vijijini, na ripoti ya kilichokwama iambatanishwe na madai ya malipo.

Vyama vya ushirika navyo visikae kusubiri. AMCOS inayoletewa mfumo mpya ina haki ya kuuliza: huu umejaribiwa wapi, na nani, na nini kilibadilishwa baada ya jaribio? Mfumo ambao haukubadilishwa chochote baada ya kujaribiwa, kwa kweli haukujaribiwa.

Wakati wake nao una maana. Kipindi cha baada ya mavuno, mazao yakiwa ghalani na watu wana nafasi, ndicho kinachofaa. Oktoba ni kuchelewa. Msanifu atakuwa ameshaandika programu na hatakubali kuibomoa, na mkulima atakuwa anatazama mawingu.

Kuna hatari moja mpya. Tangu mwaka 2023 programu za akili mnemba zimeanza kutengeneza mfano unaobonyezeka kutokana na sentensi chache, na mtu mmoja anaweza kutoa menyu kumi kabla ya chakula cha mchana. Hilo ni jema kwa bei. Lakini sehemu ghali ya kazi hii haijawahi kuwa kuchora. Ni kusafiri hadi Msangano na kumtazama mtu akikosea bila kumsahihisha, na hakuna programu inayopunguza kilomita hizo. Menyu kumi zilizotengenezwa bila safari ni makosa kumi yenye sura nzuri.

Kwa wakulima watakaoombwa kushiriki majaribio ya namna hii, iko tahadhari ya kuzingatia. Mfano ni wa kuigiza, hivyo hakuna sababu ya kutoa namba halisi ya NIDA, wala namba ya siri ya fedha, wala kupigwa picha ya kitambulisho. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na anayekusanya taarifa za watu anapaswa kueleza anazitaka za nini. Mtafiti mkweli atakuja na namba za bandia alizoziandika mwenyewe kwenye kadi. Asiyekuja nazo aulizwe, na akisisitiza apewe ya kubuni.